Mshindani, Mpinzani na Mgombea Pekee: Istilahi za Uchaguzi na Mfano wa Singida

Miongoni mwa maswali tunayoletewa mara kwa mara na wafasiri wa nyaraka za siasa, lipo moja ambalo tumekuwa tukilijibu kwa kifupi mno. Iitweje kwa Kiswahili ile demokrasia ambayo uchaguzi hufanyika kwa tarehe yake, vyama vingi vimeandikishwa, wagombea hupanda majukwaani, lakini chama kinachotawala ndicho kinachoshika mizani na mawe ya kupimia? Wanazuoni wa ng'ambo waliipatia hali hiyo jina katika miaka ya 1990, na aliyelieneza kuliko wengine ni Fareed Zakaria kwa makala yake ya mwaka 1997. Mwaka 2014 Viktor Orbán, Waziri Mkuu wa Hungaria wa wakati huo, alilitwaa jina hilo bila haya akasema kwamba dola ya namna hiyo ndiyo anayoijenga. Kwa hiyo jina hilo lilianza kama lawama na kisha likavaliwa kama nishani, jambo ambalo peke yake lingetosha kumkosesha mfasiri usingizi.

Jibu letu la kwanza lilikuwa "demokrasia isiyo huria". Mwalimu mmoja wa sekondari mkoani Singida alituandikia kwamba alipolitumia darasani, wanafunzi wake walielewa kuwa ni demokrasia ya nchi isiyokuwa na soko huria, yaani nchi ya kijamaa. Hatukuweza kuwalaumu vijana hao. Neno "huria" tumelizoea katika soko huria na biashara huria, maneno yaliyoshika kasi tangu uchumi ulipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na halafu katika jina la Chuo Kikuu Huria. Huru na huria ni ndugu wa tumbo moja la Kiarabu, lakini katika Kiswahili kila mmoja amekwenda kuoa upande wake: huru amekwenda kwa watu na mataifa, huria amekwenda kwa bidhaa. Na tukisema "demokrasia isiyo huru", msomaji atadhani inatawaliwa na nchi nyingine.

Kwa kuwa kubishana juu ya neno bila kukitazama kitu kinachotajwa ni kazi bure, tumeona tukiweke kando kwa muda kitendawili hicho cha tafsiri na tufuate historia ya maneno ambayo wananchi wenyewe wameyatumia. Tumechagua Singida, na hasa jimbo la Singida Mashariki wilayani Ikungi, kwa sababu humo maneno matatu ya uchaguzi, yaani mshindani, mpinzani na bila kupingwa, yamejaribiwa kwa namna ambayo kamusi haikuyatarajia.

Tuanze na mizizi. Kupinga kitu ni kukikingama. Mti ulioanguka barabarani umeipinga njia, na anayefunga mlango kwa gogo anaupinga. Mpinzani, basi, kwa asili yake ni kizuizi kabla hajawa mtu mwenye hoja. Mshindani ametoka kwenye kushindana, na kile kiambishi cha kutendana kinadai watu wawili walio katika uwanja mmoja, wenye kanuni moja na mwamuzi mmoja. Hakuna awezaye kushindana peke yake. Kwa upande mwingine inawezekana kabisa kupinga peke yako, na inawezekana kupinga huku umefungiwa nje ya uwanja. Tofauti hii ndogo ya sarufi imebeba historia ndefu ya siasa zetu.

Mwezi Agosti 1960, Tanganyika ilipochagua Baraza la Kutunga Sheria lililoipeleka kwenye uhuru, viti vilikuwa 71. Katika viti 58 wagombea wa TANU walipita bila kupingwa. Katika vile vilivyopigiwa kura, TANU ilipoteza kimoja tu, nacho kilikuwa cha Mbulu, majirani wa kaskazini wa Singida, ambako Herman Sarwatt alisimama kama mgombea binafsi akashinda, ingawa mwenyewe alikuwa mwanachama wa TANU. Msemo "bila kupingwa" wakati huo ulimaanisha kile unachokisema. Wakoloni hawakuwa na sababu ya kuwazuia wapinzani wa TANU, bali wapinzani hao hawakuwa na watu. Uchaguzi wa Rais wa mwaka 1962 ulionyesha hivyo hivyo, kwani Zuberi Mtemvu wa African National Congress aliambulia chini ya asilimia 2 ya kura dhidi ya Mwalimu Nyerere.

Ndipo likatokea jambo ambalo wafasiri wa leo aghalabu hulisahau. Katiba ya Muda ya mwaka 1965 ilipofanya nchi kuwa ya chama kimoja, haikufuta ushindani. Mkutano wa TANU wa wilaya ulipiga kura za maoni, Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili, na wananchi wakachagua kati ya mwenye alama ya jembe na mwenye alama ya nyumba. Wagombea wote wawili walisafiri pamoja, wakahutubia jukwaa moja, na walikatazwa kutaja kabila, dini au rangi. Walikatazwa pia kutumia lugha yoyote ila Kiswahili. Katika Singida, ambako Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu, Wahadzabe na Wabarabaigi kila mmoja ana lugha yake, na baadhi ya lugha hizo hazina hata udugu, kanuni hiyo haikuwa ya urembo. Mgombea alilazimika kutafuta maneno ya Kiswahili ya kusema barabara, kisima, ushuru na ahadi mbele ya bibi ambaye labda hakuwahi kuisikia lugha hiyo ila kwa karani wa kodi. Sisi tunaofanya kazi ya istilahi hatuna budi kukiri deni letu kwa majukwaa hayo.

Na ushindani ule haukuwa wa mchezo. Mwaka 1965 Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alishindwa na kupoteza kiti chake. Wananchi waliweza kumwondoa mkubwa, lakini hawakuweza kuiondoa siasa yake. Mwenye jembe na mwenye nyumba waliitwa wagombea au washindani. Jina la mpinzani liliwekwa mbali nao, likaachiwa kunuka uasi. Mwaka 1968 wabunge kadhaa, wakiwamo Oscar Kambona na Joseph Kasella-Bantu, walifukuzwa uanachama wa TANU, na kwa kuwa mbunge asiye mwanachama hakuweza kuwa mbunge, viti vyao vikaondoka pamoja na kadi zao. Urais nao haukuwa na jembe wala nyumba. Palikuwa na mgombea mmoja, na mwananchi alipiga kura ya ndiyo au hapana. Kwa ufupi, enzi ile ilikuwa na washindani bila upinzani.

Mwaka 1991 Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi nzima kuuliza maoni. Kiasi cha watu wanane katika kila kumi walitaka chama kimoja kiendelee, lakini Tume ilipendekeza vyama vingi, na ikataja sheria 40 zilizopaswa kufutwa au kurekebishwa. Bunge lilipitisha Sheria ya Vyama vya Siasa mwaka 1992. Vyama viliingia upesi, lakini nyingi katika zile sheria 40 zilibaki. Hapo ndipo neno "upinzani" lilipotolewa kifungoni na kupewa kazi ya heshima: chama cha upinzani, kambi rasmi ya upinzani bungeni, waziri kivuli. Ilikuwa kazi ngumu kulisafisha neno lililokuwa likinuka kwa miaka 27. Tunakumbuka kwamba wapo waliopendekeza "vyama mbadala" na wapo waliopendekeza "vyama shindani". Wananchi hawakusubiri kamati yoyote, walisema wapinzani, na likabaki hivyo.

Mgombea binafsi, aliyewezekana kule Mbulu mwaka 1960, hakurudi. Mchungaji Christopher Mtikila alidai haki hiyo Mahakama Kuu akapewa na Jaji Kahwa Lugakingira mwaka 1994, lakini Bunge likarekebisha Katiba kuifunga njia hiyo, Mahakama ya Rufani ikasema mwaka 2010 kwamba jambo hilo ni la Bunge, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaamua kwamba Mtikila alikuwa na haki. Sheria haikubadilika. Kwa hiyo, ile kanuni ya 1968 ya kadi na kiti ilivuka salama ng'ambo ya pili ya 1992.

Sasa tufike Ikungi. Mikoa ya kati, Singida na Dodoma, kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ghala la kura za CCM, na si haki kusema kuwa kura hizo ziliibwa zote. Chama hicho kilirithi kutoka TANU mabalozi wa nyumba kumi, matawi na wazee wanaojua kila kaya inalima nini. Chama kipya kilichokuja na gari moja na kipaza sauti kimoja kilikuwa kinashindana na undugu. Hata hivyo, mwaka 2010 Tundu Lissu, mwanasheria mzaliwa wa kijiji cha Mahambe, alishinda ubunge wa Singida Mashariki kwa tiketi ya CHADEMA. Wapiga kura wawili walikwenda mahakamani kuupinga ushindi huo, na mwaka 2012 Mahakama Kuu ikauthibitisha. Alishinda tena mwaka 2015.

Ushindi wa namna hiyo una istilahi zake, na sisi tulizikuta huko zikiwa zimeiva kuliko zilivyo ofisini kwetu. Mwananchi wa kijijini alijua tofauti ya wakala na mwangalizi, alijua kuwa wakala lazima aape kabla ya siku ya kura, na kwamba asiyekuwa na hati ya kiapo atasimama nje kituo kitakapofungwa. Alijua kuwa fomu ya matokeo hubandikwa ukutani, na kwamba nakala yake mikononi mwa wakala ni silaha kuliko hotuba. Alijua pingamizi ni nini, linawekwa kwa nani, na kwa saa ngapi. Wataalamu huandika vitabu vizima kueleza jinsi vyama vya upinzani vinavyoshindana chini ya tawala za namna hii. Jibu la Ikungi lilikuwa fupi: vinashindana kwenye makaratasi. Kura ni siku moja, lakini fomu huanza miezi kabla na kesi huendelea miaka baada. Ndiyo maana mwanasheria alifaa kuliko mhubiri.

Lakini makaratasi yana mwenyewe. Msimamizi wa uchaguzi katika jimbo alikuwa mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ni mteule wa Rais, na Rais ndiye mwenyekiti wa chama kinachotawala. Mwezi Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema utaratibu huo unakiuka Katiba. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Matokeo ya urais, kwa mujibu wa ibara ya 41 ya Katiba, hayahojiwi na mahakama yoyote yakishatangazwa. Na tangu katikati ya mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiliwa, hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipoiruhusu mwezi Januari 2023. Chama tawala kilikuwa na ziara za viongozi wa serikali, na wapinzani walibakiwa na mazishi na harusi.

Tarehe 7 Septemba 2017 Lissu alipigwa risasi nyingi mjini Dodoma akitoka kwenye kikao cha Bunge, akapelekwa Nairobi na baadaye Ubelgiji kwa matibabu. Tarehe 28 Juni 2019 Spika Job Ndugai alitangaza kuwa kiti cha Singida Mashariki kiko wazi, kwa sababu mbunge huyo hakuhudhuria vikao wala kumwarifu Spika kwa maandishi mahali alipo, na kwa kuwa hakuwasilisha tamko la mali. Uchaguzi mdogo ukaitishwa. CHADEMA haikusimamisha mtu. Miraji Mtaturu wa CCM, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Ikungi, akatangazwa kuwa amepita bila kupingwa, na mwezi Septemba akaapishwa. Mahakama Kuu ilikataa ombi la Lissu la kuuzuia uamuzi huo.

Tulikuwa wilayani humo muda fulani baadaye, si kwa ajili ya siasa bali kukusanya maneno ya wakulima wa alizeti. Mzee mmoja, baada ya kutupa jina la kila hatua ya kukamua mafuta, alituuliza kazi yetu hasa ni nini. Tukamwambia, "Mzee wetu, sisi tunatunza maneno." Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi, wanangu, kalitunzeni na lile la bila kupingwa. Waliosema hakupingwa, mimi walinikuta wapi wakaniuliza?"

Hatukuwa na jibu la kumpa, na tulirudi nalo. Kisarufi mzee alikuwa ameligusa tundu lenyewe. "Kupingwa" ni kauli ya kutendwa, na kauli ya kutendwa humficha mtenda. "Bila kupingwa" humficha mtenda ambaye hata hakuwapo. Mwaka 1960 na mwaka 2019 msomaji wa taarifa rasmi anakutana na maneno yale yale mawili, ilhali katika tukio la kwanza hapakuwa na mtu wa kupinga, na katika la pili aliyechaguliwa mara mbili na jimbo hilo alikuwa nchi za nje kwa matibabu na chama chake kimekataa kuingia.

Neno jingine lililopata umaarufu baada ya hapo ni "kuenguliwa". Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019, wagombea wengi wa upinzani nchini waliondolewa katika hatua ya fomu: huyu hakuandika jina kamili, yule alitaja vibaya jina la chama. CHADEMA na vyama vingine vikajitoa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya vijiji. Kuengua, kama kila mama ajuavyo, ni kukiondoa kinachoelea juu ya chungu. Uzuri wa neno hili ni kwamba halisemi kilichoenguliwa ni povu au ni malai. Wenye mamlaka walisikia la kwanza, walioenguliwa wakasikia la pili, na lugha ikawatumikia wote.

Lissu alirudi mwezi Julai 2020 akagombea urais, akasimamishwa kampeni kwa siku saba kwa madai ya kukiuka maadili ya uchaguzi, na akatangazwa kuwa na asilimia 13 dhidi ya 84 za Rais Magufuli. Bara nzima wapinzani walipata majimbo mawili tu, Nkasi Kaskazini na Mtwara Vijijini. Kambi rasmi ya upinzani ikakosekana bungeni, na istilahi ya "waziri kivuli", tuliyoihangaikia sana, ikabaki haina wa kumwita.

Mwaka 2024 zilitungwa sheria mpya, na hapa watu wa istilahi hatuna budi kusimama. Sheria moja iliongeza neno moja katika jina: Tume ya Taifa ya Uchaguzi ikawa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Nyingine ilifuta kule kupita bila kupingwa. Mahali palipo na mgombea mmoja, wananchi sasa wapige kura ya kumkubali au kumkataa. Tulipoisoma mara ya kwanza tulimkumbuka mzee wa Ikungi na tukafurahi, kwani angalau angeulizwa. Tulipoisoma mara ya pili tuliikumbuka karatasi ya urais ya mwaka 1965.

Januari 2025 Lissu alichaguliwa mwenyekiti wa CHADEMA, akimshinda Freeman Mbowe. Kaulimbiu yao ilikuwa kwamba bila mabadiliko hakuna uchaguzi (waliitangaza kwa Kiingereza, jambo lililotuuma kidogo). Tarehe 9 Aprili alikamatwa Mbinga, kesho yake akashtakiwa kwa uhaini, na tarehe 12 Tume ikasema chama chake, kwa kutotia saini kanuni za maadili, hakitashiriki uchaguzi. Mgombea urais wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, naye akaenguliwa. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba ulifanyika huku kukiwa na maandamano yaliyomwaga damu na intaneti imezimwa, na Rais Samia akatangazwa mshindi kwa asilimia 97.66, ingawa karatasi ya kura ilikuwa na majina ya vyama zaidi ya kumi. Katikati ya Novemba aliteuliwa Waziri Mkuu mpya, Mwigulu Nchemba, mbunge wa Iramba. Singida hiyo moja ilikuwa na mwana wake mmoja katika kiti cha Waziri Mkuu na mwingine kizimbani kwa kosa la kunyongwa.

Turudi kwa mwalimu wetu. Tumelijadili upya swali lake, na pendekezo letu ni kwamba "demokrasia isiyo huria" ibaki katika maandishi ya kitaaluma, kwa kuwa imekwisha kuzoeleka na kuibadili kutaleta vurugu zaidi, lakini mara ya kwanza inapotajwa iongezewe maelezo kwamba uhuria unaozungumzwa ni wa raia mbele ya dola, si wa bidhaa sokoni. Kwa wanafunzi na kwa magazeti tunaona inafaa zaidi kusema "demokrasia ya upinzani bila ushindani", maana ndiyo inayokitaja kitu chenyewe, na inasimama kinyume kamili na enzi ya jembe na nyumba. Wapo wenzetu ofisini wanaosema kwamba fafanuzi hiyo ina ukali usiofaa katika istilahi. Hoja yao tunaiheshimu, ila hatujaona neno lao lililo pole na la kweli kwa pamoja.

Kuhusu "bila kupingwa", tunawashauri makarani na wafasiri walitumie pale tu ambapo muda wa kuchukua fomu ulikwisha na hakuna mwingine aliyejitokeza. Ambapo wengine walijitokeza wakaondolewa, iandikwe "mgombea pekee baada ya uteuzi". Ambapo wengine walisusa, iandikwe hivyo. Tunajua kuwa taarifa zitarefuka kwa mstari mmoja.

Wasomaji walioko Ikungi, Mkalama, Manyoni na kwingineko, ambao wamewahi kuwa mawakala au makarani wa vituo, tunawaomba watuletee maneno yaliyotumika vituoni mwao, hasa yale ya lugha za nyumbani kwa maana ya kushindana na ya kupinga, wakitaja mwaka na mahali. Yatakayofaa yataingizwa katika orodha ijayo.